Nyumba Isiyoandikwa

Kama wewe si mtu wa Bukavu, siku ukipita Kadutu ukaona ubavu wa nyumba umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZISHWI, utadhani mwenyewe ni mtu wa msimamo, kawakatalia matajiri, na pengine utampenda bure. Mwenyeji hadanganyiki hivyo. Mwenyeji akiyaona maneno hayo hupunguza mwendo, hutupa jicho mlangoni, kisha humnong'oneza jirani: ni nani humo anayeuzisha? Ndiyo, kuuzisha, ndivyo tunavyosema huku, usinisahihishe. Maana nani mwenye akili zake atapoteza rangi kutangaza kwamba hauzishi, kama hakuna anayeuzisha? Maneno hayo huandikwa pale tu ambapo ndani ya nyumba yupo mtu, kaka au shemeji au baba mdogo, aliyekwisha kuanza kuzunguka na mnunuzi kwa siri. Wenzake wakishtuka, hukimbilia ukuta.

Consolate aliyajua haya kuliko padri anavyojua dhambi za parokia yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiyaandika. Kazi yake ilikuwa herufi: za saluni, za maduka ya dawa, za vitambaa vya kwaya, hata za misalaba ya makaburini. Wateja wa saluni walikuja wakicheka. Wateja wa haiuzishwi walikuja wameinamisha kichwa, wakaongea huku wakitazama pembeni, na kabla hajafungua kopo la rangi walikuwa wameshamtajia mwizi wao bila kuulizwa. Alibeba siri za nusu ya Kadutu na hakumwambia mtu. Alikuwa na mkono mzuri, herufi zake hazikuyumba hata kwenye mbao zilizopinda, na ilimuuma kimoyomoyo kwamba kazi yake iliyoonekana zaidi mjini ilikuwa aibu za watu.

Aliishi na mama yake, Maman Euphrasie, mjane muuzisha makala, mkaa wa kupikia, na mdogo wake Cédric, dereva wa pikipiki, katika avenue ambayo jina lake la serikali hakuna anayelikumbuka. Wote huiita Kwa Ngazi, kwa kuwa ni ngazi za udongo tu toka juu mpaka barabarani. Nyumba zake ni za mbao na manjanja, yaani mabati, zimebanana juu ya mteremko ambao kila msimu wa mvua hummeza mtu au ukuta. Lakini ziwa unaliona, na hilo ndilo lililowaponza. Alikuja yule wanayemwita PDG, tajiri wa dhahabu ya Shabunda, akajenga jumba kule chini kwenye maji, akakifunga kwa ukuta kijia ambacho wanawake walishukia kuchota maji na kufua. Kisha akainua macho, akaona kwamba na mteremko nao ungependeza ukiwa na ghorofa za kupangisha wageni. Ghorofa, pale ambapo watu hulala na beseni miguuni la kukingia mvua!

PDG mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akipanda zile ngazi. Aliyepanda ni Tonton Benoît, komisioneri, yaani mtu wa kuwatafutia wakubwa viwanja. Ungependa umchukie mara moja lakini hakukupa nafasi. Alikuwa mpole, alisalimia kila mtu kwa Mashi, lugha ya wenyeji, alikumbuka majina ya wagonjwa wa kila nyumba. Viatu vyake havikushika matope, sijui alifanyaje. Alibisha hodi mlango hadi mlango, na kila mlango ulimjibu hapana, kwa kuwa mbele ya majirani kila mtu ni shujaa. Naye aliitikia sawa, akashukuru, akashuka. Hakuwa na haraka hata kidogo, na watu waliiogopa ile subira yake kuliko kama angetukana.

Ndipo akarudi Ariane. Alizaliwa hapo hapo Kwa Ngazi, akaenda Kinshasa kusomea sanaa, akarudi na kamera na hasira nyingi. Alikusanya vijana, wakawa kikundi, wakaanza kuchora na kuimba mambo ya ukuta wa PDG na maji yaliyofungiwa. Siku moja alimfuata Consolate kwenye kibanda chake cha kazi.

“Dada Conso, niko na wazo. Tuandike haiuzishwi ku nyumba yote. Yote kabisa, toka kule juu paka ku barabara.”

Consolate alicheka. “Ariane, Kinshasa ilikusahaulisha? Bantu batauliza nani anauzisha.”

“Batamuuliza nani? Kama iko ku nyumba moja, iko haya. Kama iko ku nyumba yote, inakuwa sauti. Hakuna mutu ataweza kuuliza avenue muzima mwizi iko nani.”

Hapo Consolate aliacha kucheka. Hoja ilikuwa na miguu, ama ilionekana hivyo kibandani, asubuhi, jua likiwaka. Na niseme ukweli wake: alitamani. Alitamani mara moja tu katika maisha yake maneno yale yatoke mikononi mwake yakiwa yameinua kichwa. Alifikiria mteremko mzima umeandikwa, na PDG kule chini barazani kwake akinywa kahawa anashindwa kugeuza shingo. Alikubali, na hakutaka malipo.

Aliyekataa alikuwa mama yake. Walikuwa wanakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, mlango uko wazi, watu wanapita wakisalimia, na Maman Euphrasie alisema neno lake bila hata kuacha kumega.

“Kwangu hapana.”

“Maman, bote banaandika.”

“Baandike. Mutu anaandika vile kama iko na mwizi mu nyumba. Miye niko na batoto babili, nilibazaa, nabajua. Hizi mbao baba yenu alizibeba ku mugongo, moja moja. Unataka uandike juu yake eti mu batoto yake muko mwizi?”

“Hii haiko vile, Maman. Hii iko ya kupinga bakubwa.”

“Nani atajua haiko vile? Wewe utasimama ku mulango siku yote, ukieleza kila mutu mwenye kupita?”

“Maman iko na haki,” alisema Cédric, macho kwenye sahani. “Kwetu tuache tu vile iko.”

Consolate hakubishana tena. Jina safi la mama yake lilikuwa ndiyo mali pekee waliyorithi mbali na zile mbao, na aliliheshimu.

Waliandika siku ya Jumamosi, saa za salongo, wakati watu wote wako nje na majembe wakizibua mitaro. Papa Isidore, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, alijifanya haoni. Huyu alikuwa mtu mwema aliyezaliwa na woga. Na cheo chake hakikumsaidia, maana huku kwetu mauzo ya nyumba huanza kwa mdomo. Mwenye nyumba husimama mbele ya chef akasema nauzisha, chef akasikia, na baada ya hapo makaratasi hujiandika yenyewe. Kwa hiyo Papa Isidore aliishi akiomba asisikie chochote. Siku ile alikwenda kusimamia mtaro wa mbali kabisa.

Ilikuwa siku nzuri, siwezi kuinyima hilo. Vijana walishika ngazi ya kupandia ukutani, watoto walibeba makopo, wanawake walipika chai ya wote. Maman Gisèle, mjane wa nyumba ya bondeni, aliomba ya kwake iandikwe kubwa kuliko zote, akamkumbatia Consolate na rangi yote mwilini. Jioni Ariane alipanda mlima wa ng'ambo akapiga picha. Kwenye picha ile Kwa Ngazi yote inapiga kelele kwa rangi nyekundu, nyumba juu ya nyumba, neno juu ya neno, na katikati yake kuna nyumba moja ya mbao za kijivu, kimya.

“Inaacha shimo,” alisema Ariane alipomwonyesha.

Consolate aliisogeza picha karibu na macho. Toka ng'ambo, nyumba ya kwao ilionekana kama jino lililong'oka.

Picha ilisafiri. Ilifika Goma na Kinshasa, ikafika kwa ndugu zetu wa Ubelgiji, redio zikaizungumzia, wageni wakaja kupigwa picha mbele ya kuta. Wiki hiyo Kwa Ngazi watu walitembea wameinua kidevu. Consolate alisalimiwa hata na watu asiowajua. Lakini picha haichagui wa kumfikia. Ilifika pia Luvungi, uwandani, kwenye simu ya mkulima wa mpunga aitwaye Didier, kaka wa marehemu mume wa Maman Gisèle. Didier hakuwa mtu wa sanaa. Aliona nyumba ya mdogo wake imeandikwa haiuzishwi, kubwa kuliko zote, akasoma kama mwenyeji anavyosoma: kumbe inauzishwa, na mimi sikuambiwa!

Alipanda gari la kwanza. Alimkuta Maman Gisèle, akamtukana, hakuamini hata neno moja la maelezo yake, na kwa kuwa alitaka kujua mnunuzi ni nani, alimtafuta Tonton Benoît mwenyewe. Benoît alimkaribisha vizuri. Alimwambia kwamba hakuna aliyeuzisha bado, ila kama yeye, mkubwa wa ukoo, anaona inafaa, afadhali auzishe yeye kuliko kungojea kuzungukwa. Papa Isidore aliitwa, akasikia. Wiki haijaisha, Maman Gisèle alikuwa amekaa barabarani juu ya godoro lake na watoto, na wafanyakazi wanang'oa mbao, zile zile zenye maandishi makubwa.

Baada ya hapo mteremko ulianza kutoboka kama sweta lililokatwa uzi. Kila nyumba ya Kwa Ngazi ina mtu wake mbali, kwenye mashimo ya dhahabu ya Shabunda, Mwenga, Nyangezi, na kila mtu huyo alikuwa na simu, na simu ilikuwa na picha. Walipiga: ni nani anauzisha? Walioulizwa waliapa. Walioapa wakaanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe. Mtu na kaka yake waliokula sahani moja tangu utoto sasa kila mmoja aliamka akiwaza, je, kama yeye ataniwahi? Wakauzisha ili wasiuzishiwe. Nakuambia wapo waliouzisha wakilia. Hakuna jeshi lililokuja, hakuna aliyepigwa hata kofi. PDG alikaa kule chini kwake, na mteremko ukamteremkia wenyewe.

Siku moja Benoît alisimama kibandani kwa Consolate, akakisifu kibao cha saluni kilichokuwa kikikauka.

“Dada, uko na mukono muzuri,” alisema. “Mbele nilikuwa nabisha mulango kwa mulango, bantu bananidanganya. Sasa nasoma tu. Nakushukuru.”

Consolate aliinamia kopo lake la rangi. Alihisi baridi, halafu haya, halafu chuki ambayo hakujua kumbe anayo.

“Kwenu tu njo kuko kimya,” aliendelea Benoît, akitazama juu kwenye mteremko. “Ile nyumba haisemi kitu. Nitapita kusalimia Maman.”

Na alipita. Alichagua saa ambayo wanawake wanarudi na madumu ya maji, sasa kutoka mbali, kwa kuwa kijia cha ziwa kilifungwa. Alisimama mlangoni kwa Maman Euphrasie, akasema “Asinge, Maman,” akavua kofia. Mama wa watu alimpa kiti, maana mgeni ni mgeni, na hakujua kufanya vingine. Benoît alikaa nje, kwenye kiti hicho, mguu juu ya mguu, akaongea habari za mvua na bei ya makala. Hakutaja nyumba hata mara moja. Kesho yake alirudi. Na siku nyingine tena. Kila mwanamke aliyepita na dumu kichwani alimwona, na alipofika kwake alisema alichoona.

Ndipo watu wakaipatia jibu ile nyumba ya kijivu. Haikuandikwa kwa nini? Kwa sababu imekwisha kuuzishwa! Nani aliyetuandikia sisi wengine? Binti ya nyumba hiyo hiyo! Sasa umeelewa? Aliuzisha ya kwao kwanza, akatutia alama sisi kama mbuzi wa sokoni. Walipoyaweka pamoja hivyo yaliingiana vizuri mno, na jambo likiingiana vizuri hivyo watu hawaliachi. Wateja wa makala waliacha kuja. Majirani wa utoto walimpita Consolate wakitazama mbele. Asubuhi moja walikuta mlango umepakwa kinyesi, na Maman Euphrasie aliusafisha mwenyewe, polepole, bila kumwita mtu.

“Niache niandike, Maman,” Consolate alimwomba. “Neno moja tu. Bantu banatuchukia.”

“Mbele ningeandika, bangesema kuko mwizi,” alijibu mama. “Nikiandika sasa, batasema mwizi ameogopa. Njia njo hakuna, mutoto wangu. Tukae tu na ukweli yetu.”

Cédric alikuwa anasikiliza akifunga kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji, kisha akatoka bila kuaga.

Ariane naye hakulala. Alikuwa amekonda, sauti imekauka, lakini si mtu wa kukubali kwamba wazo lake ndilo lililobomoa. Aliokota milango. Kila nyumba iliyong'olewa ilikuwa imeacha mlango wake kwenye matope, na Ariane aliikusanya yote, akamwomba Consolate aandike juu ya kila mmoja jina la mtu aliyekuwa akiufungua. MAMAN GISÈLE. PAPA WA BATOTO PACHA. BIBI WA SAMBAZA. Consolate aliandika, akitumaini kwamba kazi hiyo itamrudishia watu wake. Wangeshuka na milango hiyo siku ya ville morte, ambapo maduka yote hufungwa na mji hujifanya maiti, wakaisimamishe mbele ya ukuta wa PDG, mlango kando ya mlango, mpaka afungue kijia cha ziwa na aache kununua.

Walishuka mchana kweupe. Hakuna duka lililo wazi, hakuna pikipiki, mji mzima umenyamaza hata ukasikia nyayo. Cédric alibeba mlango wa Maman Gisèle mgongoni, na Maman Gisèle mwenyewe alitembea nyuma yake akiimba wimbo wa kanisani. Consolate alitembea pembeni. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempa nafasi. Walifika, wakaisimamisha milango. Kwa muda mfupi ilipendeza kiasi cha kukuliza: milango imesimama barabarani bila nyumba, ina majina, na nyuma ya ukuta maji ya ziwa yanapiga.

Kisha lango likafunguliwa na polisi wakatoka, walikuwa wamengoja ndani kwa tajiri. Walirusha moshi. Watu walikimbia, wakaanguka, milango ikavunjwa kwa viatu na virungu. Ariane alishikwa nywele, akatupwa ndani ya gari, na kamera yake ikakanyagwa mbele ya macho yake. Yote yalikwisha upesi mno. Waliobaki walijikuta barabarani, macho yanawatoka machozi, mikono mitupu, na hasira haina pa kwenda. Ukuta ulikuwa mrefu, polisi walikuwa na bunduki. Huko chini hapakuwa na kitu ambacho wangeweza kukifikia.

“Ku Euphrasie!” alipaza mtu.

Consolate alilisikia jina la mama yake likipita kinywa hadi kinywa. Aliona kijana akinunua chupa mbili kwa kadafi, wale wauzisha petroli ya pikipiki kando ya barabara, kadafi pekee aliyethubutu kukaa nje siku ile. Nyumba za mbao, zimebanana, petroli! Wangechoma na za kwao wenyewe, lakini nani angewaambia hilo saa ile? Alikimbia. Umati ulipanda ngazi. Yeye alipanda mtaro wa maji machafu, akishika mizizi, akianguka, mpaka kibandani, akalinyakua kopo la rangi na pinso, brashi yake ya kazi, akafika nyumbani kabla yao kwa pumzi chache.

Hakumwita mama yake. Hakukuwa na wakati wa kumwomba ruhusa, na pengine aliogopa kunyimwa. Alichovya akaandika kwenye mbao za baba yake, moja kwa moja, rangi inachuruzika mpaka viwikoni. HAIUZISHWI. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Alipogeuka, umati ulikuwa umejaa uani na kwenye ngazi, kijana wa chupa mbele, kiberiti mkononi. Walisoma. Wakasimama.

Wakati huo Maman Euphrasie alitoka nyuma ya nyumba, mikono myeusi kwa makala. Aliwatazama watu, akayatazama na mawe waliyoshika, kisha akaona ukuta. Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa ukubwani na masista.

“Nani?” aliuliza.

“Hakuna mutu, Maman. Nimeandika tu juu ya hii bantu.”

“Neno hili haliandikwake bure. Nani anauzisha?”

Lilikuwa swali lile lile ambalo kila mmoja wao alikuwa ameliuliza kwake, usoni pa mama yake, usoni pa kaka yake. Maman Euphrasie alimtazama Consolate mpaka ndani, akaridhika kwamba si yeye. Kisha akainua macho, akamtafuta mwanawe kati ya watu.

Cédric alikuwa amesimama karibu na Maman Gisèle, bega linavuja damu pale mlango ulipomvunjikia. Alikutana na macho ya mama yake, na akatazama chini.

Consolate aliona, akaelewa. Mdogo wake alikuwa amekwisha kumpa Benoît neno lake, sijui kwa ahadi gani. Na Benoît alikuwa akikaa kwenye kile kiti si kwa sababu ya mvua na makala, bali kungojea tu neno hilo lifike kwa chef. Nyumba ilikuwa na mwizi. Ilikuwa naye tangu siku walipokula sambaza wakisema haina.

Kijana wa chupa aliona macho ya mama yameganda mahali, akaanza kugeuka ayafuate. Na wengine wakaanza kugeuka. Njiti ya kiberiti ilikuwa tayari kati ya vidole.

“Ni miye,” alisema Maman Euphrasie.

Wote wakamrudia.

“Ni miye njo nauzisha,” alisema tena, kwa sauti kubwa, wazi, ya mtu anayetangaza kanisani. “Batoto yangu habajui kitu. Benoît alikuja kwangu, munamuonaka kila siku. Nimezeeka, nimechoka na hii ngazi. Nauzisha. Kama munachoma, munichome miye.”

“Maman, hapana!” Consolate alimshika mkono, na mkono ulikuwa mgumu kama ukuni. Mama hakumtazama. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake na uongo wa kwanza wa maisha yake, mbele ya watu wote waliowahi kumwamini, na hakupepesa.

Hakuna aliyeweza kumchoma bibi kizee. Mawe yalianza kuanguka chini, moja hapa, jingine pale. Kijana alitia kizibo chupa yake, akatema mate kwenye mbao, karibu na herufi. Maman Gisèle alipita mbele, akasimama uso kwa uso na rafiki yake wa miaka yote.

“Miye nilikuwa nakutetea,” alimwambia, akalia, akashuka ngazi. Cédric alijaribu kumsogelea mama yake. Mama aligeuza uso, si kwa chuki, ila asije akamwangalia tena na watu wakaona.

Umati ulipopungua ndipo Consolate alipoona kwamba walioko uani hawakuwa wa avenue peke yao. Tonton Benoît alikuwa amepanda nyuma ya watu, taratibu, kofia mkononi, na pembeni yake alikuwa amemshika kiwiko Papa Isidore, kwa heshima, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka tope.

“Asinge, Maman Euphrasie,” alisema kwa upole wake wa siku zote. Kisha akamgeukia mzee. “Chef, umesikia?”

Papa Isidore alimtazama mama, akamtazama Cédric, akaitazama rangi iliyokuwa bado inachuruzika. Consolate alimwomba kwa macho, alimwomba kwa kila kitu alichonacho.

“Nimesikia,” alisema chef.